Malori Matatu ya Zege Kilimani

Siku yangu ya kwanza maabara sikuruhusiwa kugusa zege. Niliosha ndoo, nikasugua kalibu za chuma, nikazipaka mafuta, kisha nikazifuta tena kwa sababu mafuta yalikuwa mengi. Wakati huo maabara yetu ilikuwa orofa ya chini kabisa ya jengo moja katikati ya mji, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Fundi mkuu, Mzee Shikuku, alinitazama kutwa nzima. Jioni aliinama, akapitisha kidole ndani ya kalibu moja, akakitazama kidole chake.

"Kesho ukuje na viatu za maana," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyojua nimepata kazi.

Sasa ninapostaafu, nyinyi mnaobaki maabara mmenisumbua niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kupima zege. Ya vyeo nayaacha, mnaweza kuyasoma kwenye faili. Mimi nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, halafu niandike jambo moja nililolifanya Kilimani, ambalo wengi wenu hamlijui.

Mzee Shikuku alinifundisha kutengeneza kyubu, yale matofali ya zege ya kupimia nguvu yake. Mnajua kazi yenyewe: unajaza kalibu kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara ishirini na tano, unasawazisha juu kwa mwiko, kesho yake unatoa, unatumbukiza kwenye tangi la maji. Siku ya ishirini na nane unaivunja kwenye mashine, uone imebeba mzigo kiasi gani. Ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya vibaya. Ukishindilia huku unawaza chakula cha mchana, hewa inabaki ndani, kyubu inavunjika mapema, na kesho yake injinia fulani anabomoa nguzo nzuri kwa sababu yako. Mzee alikuwa akisimama nyuma yangu. "Usihesabu na mdomo," alikuwa akisema. "Hesabu na mkono."

Kyubu nzuri ikivunjika hutoa mlio mzito, mfupi, na hubaki vipande viwili vinavyotazamana ncha kwa ncha. Nilikuwa na zaidi ya mwaka pale siku ambayo kyubu yangu moja ilivunjika hivyo. Mzee akaitoa kwenye mashine, akaigeuzageuza mkononi. "Hii imetengenezwa na mtu," akasema.

Nilirudi nyumbani Kabiria jioni hiyo kwa miguu, nikiwa na nauli mfukoni, kwa sababu sikutaka kuketi. Nilimwambia mke wangu Mwikali maneno yale kabla hajaniuliza habari za kazi. Sifa hiyo moja ilinitosha miaka kadhaa. Mzee hakuwa mtu wa kurudia.

Kisha akaja Nafula.

Alitoka moja kwa moja chuo cha ufundi, mwembamba, mkimya, na kitambaa cha kichwa ambacho kilikuwa kimejaa vumbi la simiti kufikia saa nne. Nilipewa kazi ya kumwonyesha tangi liko wapi na fomu zinajazwaje. Nilimwonyesha. Baada ya mwezi mmoja (mwezi mmoja, niliuhesabu) Mzee Shikuku alitoa kyubu yake kwenye mashine, akaigeuzageuza, akasema, "Hii imetengenezwa na mtu."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliendelea kufagia mahali pamoja hadi sakafu ikang'aa.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Nilianza kufika kazini mapema ili Mzee anikute, lakini Nafula alikuwa ameshafika. Nilijaribu kuandika ripoti ndefu; zake zilikuwa fupi na mainjinia walizisifu kwa ufupi wake. Nilijiambia kwamba Mzee anampenda kwa sababu wote wawili wanatoka magharibi na mimi ni Mkamba. Hilo nililishikilia muda mrefu, ingawa tulikuwa na fundi mwingine kutoka kijiji kimoja na Mzee, na huyo alikuwa akifokewa kila Jumatatu. Wivu hauna haja ya kuangalia mambo kama hayo.

Mwikali ndiye aliyeuona kwanza. Tulikuwa tunatoka kanisani, mimi nikimweleza jinsi Nafula alivyosahau kuandika joto la maji kwenye fomu.

"Hiyo jina nimeisikia mara ngapi tangu asubuhi?" akaniuliza.

"Jina gani?"

"Baba Kioko, kama ungekuwa unampenda huyo msichana ningejua la kufanya. Hii yako sijui inaitwa nini."

Niliijua inavyoitwa. Nilimwambia ni uchovu.

Maabara ilipohamia huku kando ya Waiyaki Way, ndipo nyuzi za chuma zilipotufikia. Nyinyi mmezikuta, mnaziona za kawaida. Kwetu zilikuwa kichekesho. Zilikuja kwenye magunia, vipande vifupi vya waya, urefu wa kidole cha mwisho, ncha zote mbili zimepindwa kama ndoano. Tuliambiwa ukizichanganya ndani ya zege la sakafu, huhitaji tena kutandika wavu wa vyuma chini. Mimi nilikuwa nimezeeka nikitazama watu wakifunga vyuma kwa waya, mafundi wazima wenye magoti yaliyoharibika. Eti sasa unamwaga pini kwenye lori na kazi imekwisha?

Nafula hakucheka. Alizichukua chache, akaenda nazo nyumbani, akarudi na maswali. Mkurugenzi alipotafuta mtu wa kusimamia majaribio, hakuangalia hata upande wangu. Nilikuwa na miaka minane zaidi yake pale.

Basi nikafanya jaribio langu mwenyewe. Nilitengeneza kyubu sita, tatu zenye nyuzi na tatu zisizo nazo, zege moja, siku moja, mkono mmoja. Siku ya ishirini na nane nilizivunja na kumwita kila mtu. Namba zilikaribiana sana.

"Haya," nikasema, "hizo pini zimeongeza nini?"

Nafula aliziangalia. "Kwa kyubu, karibu bure," akasema. "Kyubu unaifinya. Ukifinya zege, zege yenyewe inajitosha. Nyuzi kazi yake inaanza ikishapasuka. Lakini angalia zenyewe, Mutiso. Zako zisizo na nyuzi zimetawanyika. Hizi bado zimeshikana."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeshaiona. Kyubu zenye nyuzi zilikuwa zimejaa nyufa pande zote lakini hazikuachana. Ungeweza kuziinua nzima nzima. Nilikuwa nimezipanga upande wa nyuma wa meza ili zisionekane vizuri.

Wiki iliyofuata alivunja boriti. Alikuwa ametengeneza boriti ndogo, mraba, urefu wa kama mkono wa mtu, akazilaza kwenye mashine juu ya nguzo mbili, mzigo ukishuka katikati. Ya kwanza haikuwa na nyuzi. Ilikaa kimya, ikakaa, kisha paa! vipande viwili sakafuni. Ya pili ilikuwa na nyuzi. Ilipasuka kwa mzigo karibu uleule, ufa ukapanda kutoka chini tukiuona kwa macho. Tukarudi nyuma. Haikuanguka. Mashine iliendelea kusukuma, ufa ukaendelea kufunguka, na ndani yake ungeziona zile nyuzi zikivutwa moja moja, zimeng'ang'ania kwa ndoano zake, zikitoa sauti ndogo kama mtu anayekwaruza bati. Boriti ilipinda, ikabeba. Ikapinda zaidi, ikabeba.

Mzee Shikuku alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia ufa, mpaka nikaogopa. Kisha akavua miwani na kumgeukia Nafula mbele ya wote.

"Leo mimi ndio mwanafunzi," akasema.

Mimi nilimtumikia mtu yule ujana wangu wote. Sikuwahi kumfundisha kitu. Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio nikitazama magari ya Waiyaki Way, na nilichokiomba pale sitakiandika, ila naweza kusema hakikuwa baraka.

Kazi kubwa ya kwanza ya nyuzi ilikuwa Kilimani, sakafu ya maegesho ya magari chini ya jumba la ghorofa. Mchanganyiko ulikuwa wa Nafula: kiasi cha simiti, cha maji, kilo za nyuzi. Sahihi yake ilikuwa kwenye kila karatasi. Asubuhi ya kumwaga kona ya mwisho, ile iliyo karibu na mteremko wa magari, Nafula aliitwa kwenye kazi nyingine Loresho. Akanipigia simu.

"Nisaidie Kilimani leo. Angalia nyuzi zimeingia polepole. Zikimwagwa kwa haraka zinashikana mabonge. Wewe una jicho, siwezi kumwachia mtu mwingine."

"Usijali," nikamwambia.

Malori yalichelewa. Yalipofika, yalifika matatu kwa pamoja, na nyapara alikuwa na vibarua thelathini waliosimama bila kazi. Nyuzi zilikuwa zinatiwa pale pale kwenye kiwanja. Badala ya gunia moja moja huku tangi la lori likizunguka kwa kasi, vibarua walimimina magunia mfululizo, na dereva akazungusha tangi muda mfupi tu. Zege lilipoanza kushuka nikayaona. Mabonge ya waya, makubwa kama ngumi, kama viota vya ndege vilivyolowa. Baina ya bonge na bonge, zege tupu.

Nyapara pia aliyaona. Akanitazama. "Wa maabara, iko sawa hiyo?"

Nawaandikia kama ilivyokuwa. Sikuchanganyikiwa. Sikusita. Nilijua kabisa kinachotakiwa: kusimamisha, kurudisha lori, kuzungusha tena au kulikataa. Nilikuwa na mamlaka hayo na kila mtu pale alikuwa akiningojea. Kichwani nilimwona Mzee akivua miwani. Nikafikiri: mchanganyiko ni wake, sahihi ni yake, sakafu ni yake.

"Iko sawa," nikasema.

Nyapara alifurahi. Vibarua waliyatoa mabonge makubwa yaliyochomoza, wakayatupa kando, mengine yakazama. Nikachukua sampuli yangu mahali palipoonekana vizuri. Kwenye fomu, chini ya hali ya zege, nikaandika "Nzuri." Malori yote matatu.

Hakuna aliyekufa na hakuna ambaye angekufa. Sakafu ile imelala juu ya ardhi. Lakini hilo nililijua baadaye. Asubuhi ile sikujiuliza.

Baada ya wiki kadhaa kona ikapasuka. Sakafu yote iliyobaki ilikuwa na nyufa nyembamba za kawaida ambazo hata huzioni bila kumwagia maji. Pale kwenye kona ufa ulikuwa mpana, ufunguo unaingia. Mkandarasi akaja maabara na sauti iliyosikika mpaka barabarani: nyuzi ni upuuzi, sakafu nzima ing'olewe, virudi vyuma vya kawaida, na huyo aliyeandika mchanganyiko aondolewe. Mkurugenzi alimpa Nafula wiki moja ajieleze.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nilidhani itakuwa na utamu fulani.

Nafula alikuja mezani kwangu mchana, akaketi, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na karatasi zake zote.

"Nimerudia hesabu mara nne," akasema. "Sioni kosa. Lakini lazima liko. Wewe ulikuwa pale, na hujui kunibembeleza. Niambie nilikosea wapi."

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amenifungulia mlango, na ndani hapakuwa na mtu mwingine.

"Labda hizo nyuzi zenyewe hazifai," nikajibu. "Nilisema tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa polepole, akanishukuru, akakusanya karatasi. Akanishukuru! Nilimwona akipita kwenye tangi la kyubu, mabega yamelegea, na nikangoja ule utamu. Haukuja. Jioni nilipofika nyumbani Mwikali aliniwekea chakula, nikakitazama tu.

"Leo hujamtaja," akasema.

Nikamwambia yote. Aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti. "Basi nenda ukaseme," akasema. "Usiponisikiza, sitakuwa na la kuongea na wewe."

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa nimejipanga, na nikachelewa. Nafula alikuwa amekwishatoka alfajiri na mashine ya kutoboa. Alirudi adhuhuri na vipande vitatu vya zege vya mviringo vilivyotolewa kwenye ile kona. Akaviponda kimoja kimoja kwa nyundo, akapitisha sumaku, akakusanya nyuzi kwenye sahani tatu. Sahani moja ilikuwa karibu tupu. Ya pili ilikuwa na nyuzi chache. Ya tatu ilikuwa na bonge moja la waya lililoshikana, limejaa simiti kama jino bovu.

Alileta sahani hizo mezani kwangu, akazipanga mbele yangu. Halafu akaweka fomu yangu kando ya sahani, ile iliyoandikwa "Nzuri."

"Hukuona?" akauliza.

Ningeweza kusema sikuona. Alikuwa tayari kuniamini. Ndiyo sababu aliuliza hivyo.

"Niliona," nikasema.

"Uliona saa ngapi?"

"Lori la kwanza."

Akaisoma tena fomu. Mashine ya kyubu ilikuwa ikinguruma chumba cha pili.

"Kwa nini, Mutiso?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe."

Nilitaka aongeze swali ili nieleze, Mzee, boriti, mwezi mmoja, yote. Hakuuliza. Alichukua fomu, akaacha sahani, akaenda kwa mkurugenzi, na akaeleza mambo yalivyo bila kuongeza chumvi. Najua kwa sababu niliitwa baadaye nikasomewa maneno yake na hakukuwa na hata moja la kupinga. Nilipewa barua ya onyo la mwisho. Ningefukuzwa kama si yeye kuniombea, na hilo nalo lilinichoma.

Kona ilibomolewa. Nafula alitaka niwepo. "Utasimama hapo mpaka lori la mwisho," akasema. Nilisimama siku tatu katika vumbi la mashine za kubomolea, nyapara akipita mbele yangu bila kunisalimu. Mabonge yalitoka kwenye vifusi moja baada ya jingine. Kona mpya ikamwagwa, gunia moja moja, tangi likizunguka, na mpaka leo magari yanaegeshwa pale. Mzee Shikuku alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Sijui kama alipata kusikia. Sikuwahi kumpigia simu kuuliza, na sasa hayupo.

Nyinyi hulalamika kuhusu kuosha ndoo moja ya zege kutoka kila lori, kutoa nyuzi kwa sumaku na kuzipima kabla ya kuruhusu limwagwe. Mnasema ni kazi ya kupoteza wakati, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza ni mwendawazimu gani aliyeianzisha. Aliyeianzisha ni Nafula, mwezi ule ule. Aliyemfanya aianzishe ni mimi. Hakuwahi kuwaambia.

Miaka kumi na zaidi imepita tangu hapo. Amekuwa mkuu wa maabara na mimi nimekuwa nikimwita Madamu mbele za watu kama nyinyi. Mngependa niseme wivu uliniisha. Ulipungua makali. Lakini alipoalikwa kuzungumza na mainjinia huko hotelini, nilikuwa kiti cha nyuma nikihesabu mara alizojikwaa. Hakujikwaa.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda ofisini kwake wiki iliyopita kumwomba ruhusa. Alinisikiliza, akamimina chai vikombe viwili.

"Andika," akasema. "Lakini uandike vile ilikuwa. Usijipunguzie."

"Sitajipunguzia. Nilitaka pia kukushukuru. Baada ya mambo yale uliendelea kunipa kazi za nyuzi. Uliniamini tena."

Aliweka kikombe chini. Akanitazama muda, kama anayepima kama boriti itabeba.

"Bwana Mutiso," akasema, "tangu Kilimani, umewahi kwenda kuchukua sampuli ya nyuzi peke yako?"

Nilianza kujibu, kisha nikaanza kuhesabu. Ruaka, Lavington, Westlands, viwanja vyote vile. Kila mara palikuwa na fundi mwingine na mimi, ameshika fomu ya pili. Nilikuwa nimedhani ni heshima ya umri. Nilikuwa hata nimejivunia kwa wenzangu kwamba mimi siendi kazini bila msaidizi.

"Hata mara moja," akasema kwa upole. "Nilikusamehe zamani. Lakini watu wanapita juu ya hizo sakafu."

Nikanywa chai yangu mpaka ikaisha. Nilikuwa nimekaa kimya asubuhi moja, kwa malori matatu, na siri ile ilinitoka baada ya wiki chache tu. Yeye alikuwa ameyabeba haya zaidi ya miaka kumi, akinisalimu kila siku, akinipa kazi, akinicheka ninapokosea majina ya vijana, na uso wake haukuonyesha ufa hata mmoja. Nilimtazama akifunika birika, nikakisikia kile kitu cha zamani kikirudi.

Hata kunyamaza, Nafula ananishinda.